Tai shingoni, shoti mfukoni

KONA YA BABU RISITI

Jumatatu nilikwenda benki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmeshaanza kucheka: Babu Risiti na boksi lake la viatu lililojaa risiti, atakuwa kafuata makato. Ndiyo, nilifuata makato, na risiti ninazo. Lakini leo makato nayaweka kiporo, maana nilichokiona mle ndani kimenikaa kooni wiki nzima.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo bwana mmoja wa makamo, suruali imenyooshwa pasi ya kukata mkate, simu mbili mkononi. Alipofika dirishani akaambiwa mtandao umekatika, asubiri kidogo. Loh! "Nyie mnalipwa kwa kazi gani? Mnakaa kwenye kiyoyozi mnachezea hela zetu!" Ukumbi mzima ukageuka. Keshia, binti ambaye bwana yule angeweza kumzaa, akajibu taratibu: "Samahani baba, mtandao ukirudi tu nitakuhudumia wewe wa kwanza." Bwana hakusamehe. Akamtukania shule aliyosoma, akamwambia kazi kapewa na mjomba. Mlinzi akajifanya anakagua viatu vyake. Meneja tulimwona kwenye chumba chake cha kioo; alisimama, akatutazama, akashusha pazia.

Akashusha pazia, jamani.

Mtandao ukarudi. Binti akapitisha hela kwenye mashine ya kuhesabia noti, mabunda mawili ya elfu kumi kumi, akazifunga mpira, akazisukuma chini ya kioo. Kisha, macho bado mekundu, akatabasamu: "Baba, bima ya maisha unayo? Ni elfu kumi tu kwa mwezi, tunakata moja kwa moja kwenye akaunti."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Yule bwana simshangai, watu wa aina yake wapo tangu enzi za maduka ya ushirika. Niliyemkasirikia ni aliyekaa ghorofa za juu akaamua kwamba mtoto wa watu, akishatukanwa hadharani, ajifute machozi auze bima. Benki kubwa za siku hizi zimewageuza makeshia kuwa wachuuzi, halafu zikawapanga dirishani wapokee matusi yanayowastahili wakubwa wao.

Mtaani hakuna anayeliamini hilo. Mtaani, "anafanya benki" ni cheo. Kamati ya harusi ikisikia una mpwa benki, kadi yake ya mchango huandikwa kiwango kabla hajaulizwa. Mpwa wangu mimi anafanya benki, na kadi za michango zimejaa droo ya kabati. Nenda sasa umwulize mshahara unabaki kiasi gani.

Huyu mpwa ndiye aliyenifungua macho. Asubuhi wanafika kabla ya kuku kutulia, kwa sababu chumba cha fedha hakifunguliwi na mtu mmoja: funguo ziko kwa watu wawili tofauti, na mmoja akichelewa wote wanasimama. Unakabidhiwa fedha, unahesabu, unasaini. Kuanzia hapo kila noti ni yako mpaka jioni. Milango ya wateja ikifungwa wewe unadhani wameenda nyumbani? Ndiyo kwanza wanaanza kufunga hesabu. Noti mpya zina tabia ya kunatana. Ukimpa mteja kumi na moja badala ya kumi, hesabu inakuja na shoti, na shoti ni ya keshia. Siku moja mpwa wangu alipata shoti ya laki na arobaini. Walihesabu mpaka saa mbili usiku. Zikatafutwa kwenye droo, chini ya meza, mpaka kwenye pipa la karatasi. Hazikuonekana. Akaletewa fomu ya kukatwa mshahara, akasaini kwa uchovu.

Akifika nyumbani, kundi la WhatsApp la tawi linamsubiri: nani kafungua akaunti ngapi, nani kauza bima ngapi, nani "anatuangusha." Jumamosi wanapelekwa sokoni chini ya mwavuli wenye nembo, wawabembeleze wauza nyanya wafungue akaunti, nyingi zikiwa haziguswi tena baada ya siku ile. Nikamwuliza, kwa nini usiache? Akacheka. Ana mkopo wa wafanyakazi wenye riba nafuu. Akiacha kazi tu, riba inapanda kuwa ya watu wa kawaida. Kwa hiyo anafunga tai.

Wapo wazee wenzangu wanaosema enzi zetu haya hayakuwapo. Kweli. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, siku moja baada ya kutangazwa Azimio la Arusha, na kwa miaka mingi mteja ndiye aliyembembeleza karani wa NBC, benki ya serikali. Hayo nayo siyatamani. Sheria ya 1991 ikafungulia mlango benki binafsi, ushindani ukaingia, baadaye simu na mawakala wakawachukua wateja wa dirishani. Benki zikaona keshia anayehesabu hela tu ni hasara, naye akabebeshwa tageti.

Tageti inakoweza kumfikisha mtu, Marekani walishaona. Wells Fargo ililenga kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Mwaka 2016 ikabainika kwamba akaunti zipatazo milioni 2 huenda zilifunguliwa bila wateja kujua. Wafanyakazi wapatao 5,300 wakawa wameshafukuzwa, benki ikapigwa faini ya dola milioni 185. Wadogo ndio waliotangulia kutupwa nje. Mkubwa wao, John Stumpf, aliondoka mwaka huohuo, na mwaka 2020 akafungiwa kabisa kazi ya benki na kulipishwa dola milioni 17.5. Angalau huko pazia lilipandishwa.

Kwa makeshia mnaonisoma kwa kuibia chini ya kaunta, neno langu ni moja. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri akukate hasara kienyeji. Lazima kosa liwe lako, akueleze kwa maandishi chanzo na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Fomu ikiletwa saa mbili usiku, msisaini. Ombeni nakala, mkalale nayo, asubuhi muipeleke kwenye chama chenu cha wafanyakazi, ambacho mnakikatia ada kila mwezi.