Fedha ya Kijani na Jembe la Mwimbi

Siku hizi hakuna kikao cha wataalamu kinachomalizika bila kutajwa fedha ya kijani. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya kijani ikitafuta shilingi bilioni 40; wenye fedha wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga nayo ikatoa yake, ya zaidi ya bilioni 53. Na Tanga hatuna ugomvi, maana maji yanaonekana. Ugomvi wetu ni na fedha ya kijani isiyoijua njia ya shambani.

Tumtazame mkulima wa Mwimbi, wilayani Kalambo. Tangu enzi za mababu Wafipa hulima matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Nyasi hukusanywa na kufukiwa kwa udongo, juu yake hupandwa maharage; zikishaoza, msimu unaofuata tuta hubomolewa na kutandazwa ili ulezi au mahindi yapate rutuba. Hiyo ndiyo hifadhi ya ardhi inayohubiriwa leo kwenye semina, tena kwa posho! Lakini mkulima huyo akienda kuomba mkopo haulizwi habari za ntumba. Huulizwa hati ya nyumba.

Kwa jirani zetu wa Katavi, vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika huuza hewa ukaa ya misitu ya Ntakata, na mapato yamejenga madarasa na zahanati. Twawapongeza. Ufipa, hata hivyo, ni uwanda wa nyasi, na misitu kama ya Mbizi ni michache. Kipimo kinachohesabu miti na kuusahau udongo kimetungwa na wasioshika jembe, nasi tumekipokea kwa makofi.

Mwaka 2021 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha dola milioni 100 kupitia CRDB hiyohiyo, kwa ajili ya kilimo kinachohimili tabianchi. Ndugu watumishi wa halmashauri, ni wangapi kati yenu mmeieleza habari hiyo mbele ya mkutano wa kijiji? Benki nayo ikubali dhamana ya chama cha ushirika badala ya hati ambayo mwanakijiji hana. Bwana shamba apime ntumba, aziandike katika andiko la mkopo. Na walimu wa hesabu wawapigie wananchi hesabu ya riba ubaoni, kabla hawajatia sahihi.