Waya wa bei rahisi una gharama yake kwenye tundu la kasuku

Mfanyabiashara anayepeleka waya wa kutengenezea matundu Muyinga na Gitega hutazama kwanza bei ya bunda. Kwa banda la kuku hesabu hiyo inatosha. Kwa kasuku haitoshi, kwani kasuku hulitafuna tundu lake, na anachotafuna chaweza kumuua.

Waya wa kuku uliozoeleka madukani umepakwa zinki ili usishike kutu. Kasuku wa kijivu, mwenye mdomo wa kupasua kokwa ngumu, huubana na kuukwaruza hadi akameza chembe za zinki. Dalili zake ni kuacha kula, kutapika na kulegea, na hatimaye ndege huweza kufa. Madini ya risasi, yaliyomo katika rangi za zamani na baadhi ya viungo vilivyolehemiwa, ni sumu pia.

Kifaa bora ni chuma cha pua, ambacho mafundi wengi hukiita stenlesi. Hakina cha kubanduka na huoshwa kwa urahisi. Tatizo ni bei. Hata hivyo kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, hivyo tundu moja imara hugharimu kidogo kuliko kubadilisha waya kila mara. Nondo zenye unene wa milimita 3 hivi, zilizoachana sentimita 2 hadi 2.5, zinamfaa ndege wa ukubwa huo.

Mnunuzi anaweza kubeba sumaku. Waya uliopakwa zinki huinasa mara moja, ilhali stenlesi nyingi huinasa kidogo sana au haziinasi kabisa. Lakini aluminiamu nayo hainasi, na ni laini kwa mdomo wa kasuku. Kwa hiyo sumaku isaidie tu, muuzaji aulizwe aina ya chuma.

Asiyemudu stenlesi atumie waya mnene usio na matone ya zinki, ausugue kwa brashi na siki, kisha ausuuze vizuri. Hatari hupungua lakini haiishi. Kwa kinga ya pembeni inayozuia mbegu kumwagika, mbao ngumu isiyo na dawa wala rangi inafaa, ingawa italiwa na kubadilishwa. Plastiki laini haifai, na shaba nyeupe isitumike kwa kuwa ina zinki ndani yake.

Kwa wanaopitia mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, kuna jambo la ushuru. Waya unaotimiza masharti ya asili ya bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, hauna ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha asili. Ulioagizwa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja. Tofauti hiyo iingizwe kwenye hesabu kabla ya gari kupakiwa, si baada ya kufika mpakani.

Madereva nao watenganishe mambo mawili. Tundu ni bidhaa kama nyingine. Ndege siye. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimhamishia kasuku wa kijivu kwenye orodha ya ulinzi mkali, na uamuzi ulianza kutumika Januari 2, 2017. Tangu hapo waliokamatwa porini hawaruhusiwi kuuzwa kibiashara kuvuka mipaka. Burundi na Tanzania zote ni wanachama. Dereva anayekubali "mzigo mdogo" wa ndege bila vibali anahatarisha gari, mzigo wote wa tajiri wake na uhuru wake mwenyewe.

Biashara halali basi iko kwenye tundu. Fundi wa Gitega atakayeweza kumwambia mteja ni chuma gani ametumia, na msafirishaji atakayemletea chuma hicho kikiwa na karatasi zake, watakuwa na wateja wanaorudi kununua, si kudai fedha zao.