Mlipaji Asiyeitwa Mahakamani

Anayebadilisha pesa au kuuza mahindi Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hawezi kutegemea simu ya laini moja. Laini ya Safaricom inapokea M-Pesa ya shilingi za Kenya, ya Vodacom inapokea M-Pesa ya shilingi za Tanzania, na wateja wake wengine wako Sirari, ng'ambo tu ya mpaka. Simu nyingi zinazofanya kazi hiyo ni Tecno, Infinix au itel, na zote tatu ni za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion. Kampuni hiyo ilijijengea jina Afrika kwa kuyashughulikia mambo ambayo wakubwa wa Korea Kusini na California hawakuyapa uzito: laini mbili, betri inayokaa na chaji, kamera inayoitoa vizuri picha ya mtu mweusi. Leo karibu nusu ya simu janja zinazoingia barani ni zake.

Julai 2024, Qualcomm ya Marekani iliishtaki Transsion katika Mahakama Kuu ya Delhi, ikidai kwamba simu zake nyingi zinauzwa bila leseni ya hataza za Qualcomm. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Tumelitenga toleo hili lote kwa kesi za namna hiyo kwa sababu tunaamini mnunuzi wa mpakani ni mhusika ndani yake, ingawa hakuna hakimu aliyewahi kumuuliza lolote.

Kuna atakayesema kwamba ya Delhi yabaki Delhi. Kisheria ana hoja, maana hataza haivuki mpaka. Iliyosajiliwa India haina nguvu Kenya. Hapa ni lazima itolewe na Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI, au ipitie shirika la ARIPO lililoko Harare. Ila wenye hataza hupeleka kesi zao kwenye soko kubwa, mbele ya mahakama ambayo amri yake inauma. Transsion ilipokuwa ikiuza zaidi Afrika, madai hayo hayakuwa na pa kuishika sawasawa, na unafuu huo ni sehemu ya sababu zilizotupatia simu rahisi. Ilipopanuka hadi India na Amerika ya Kusini, unafuu ulikwisha. Simu iuzwayo Migori iko katika hesabu zile zile za kampuni, na kampuni inayodaiwa leseni huitafuta pesa hiyo kokote inakouza.

Ugomvi uliovuma kuliko wote, wa Apple na Samsung, ulidumu kuanzia 2011 hadi 2018. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja, kiasi kilichopunguzwa baadaye, na mwisho wakapatana. Sehemu kubwa ya ugomvi huo ilihusu sura: pembe za mviringo, mpangilio wa alama kwenye skrini. Kampuni mbili tajiri zilichoshana, basi. Ule hautuhusu sana.

Unaotuhusu ni ugomvi wa hataza za lazima. Simu haiwezi kuitwa ya 4G au 5G bila kufuata kanuni za pamoja za mawasiliano, na ndani ya kanuni hizo mna maelfu ya vumbuzi za Qualcomm, Nokia, Ericsson, Huawei na wengineo. Hakuna njia ya kuzikwepa. Kwa sababu hiyo, kampuni zinazoingiza uvumbuzi wao humo huahidi kutoa leseni kwa yeyote kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua. Kwamba wahandisi wale wanastahili malipo, sina ubishi. Bila miaka yao ya utafiti, minara ya Kehancha na Rongo isingekuwa na cha kurusha. Ninachobishia ni namna bili inavyogawanywa.

Mwaka 2017 Ericsson ilitangaza kwamba itatoza dola 5 kwa kila simu ya 5G, na kwa simu za bei ya chini itashuka hadi dola 2.50. Mwaka uliofuata Nokia ikatangaza kikomo cha euro 3 kwa simu. Tuchukue dola kwa shilingi 130. Kwenye simu ya shilingi 130,000, dola 5 za Ericsson ni nusu ya asilimia moja ya bei. Kwenye simu ya shilingi 20,000, hata baada ya punguzo, dola 2.50 ni shilingi 325, zaidi ya asilimia moja na nusu. Mwenye simu rahisi anabeba mzigo mara tatu ya tajiri ukilinganishwa na bei ya alichonunua, na hapo tumemhesabu mdai mmoja katika foleni ndefu. Kwa anayelipia simu kidogo kidogo kila siku, nayo ikijifunga akikosa kulipa, shilingi hizo ni siku za kulipa zilizoongezeka.

Ugomvi ukishindikana kumalizwa kwa pesa, simu huondolewa dukani. Agosti 2022, baada ya Nokia kushinda katika mahakama za Mannheim na Munich, Oppo ilisimamisha uuzaji wa simu zake Ujerumani, na hawakupatana hadi Januari 2024. Mjerumani alikuwa na chapa nyingine tele za kuchagua. Sisi, ambao karibu nusu ya simu zetu zinatoka kwa mtengenezaji mmoja, tungechagua nini?

Kuhusu ubunifu, tuitazame India tena. Lava, kampuni ya nyumbani iliyowauzia Wahindi simu za bei nafuu, iliingia kesini na Ericsson mwaka 2015. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Delhi iliiamuru ilipe rupia bilioni 2.44. Si kesi hiyo pekee iliyoidhoofisha, kwani ushindani wa Wachina ulikuwa mkali. Lakini kampuni changa haina hataza za kubadilishana na wakubwa. Samsung ikidaiwa, nayo hudai. Lava ilikuwa na pochi tu. Na mfumo unaompa nguvu aliyeandika kanuni za mawasiliano haumpi lolote aliyetambua kwamba mtu wa mpakani anahitaji laini mbili, ingawa wote wawili walitatua shida ya kweli.

Hapo ndipo ninapokifikiria kiwanda cha Athi River. Oktoba 2023 kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya kilizinduliwa huko, na simu ya Neon Smarta ikaanza kuuzwa kwa shilingi 7,499. Ni jambo jema na nalitakia heri. Siku simu hizo zitakapoanza kuuzwa kwa wingi nje ya mipaka yetu, barua ya madai itafika. Je, itamkuta nani akiwa amejiandaa?

Sisi wa Homa Bay na Migori tuna kumbukumbu ya kutuongoza. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 ilieleza ubandia kwa upana uliotishia hata dawa halali za bei nafuu za kupunguza makali ya UKIMWI, na kaunti hizi ni miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo nchini. Watu watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vilivyohusika vinavunja haki yao ya uhai na afya. Dawa isiyo ya mwenye hataza ilitenganishwa na dawa ya uongo. Nafurahi kila ninapoisoma hukumu hiyo.

Simu hazikupata utetezi kama huo. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo, kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya Kenya, simu bandia zilizimwa mitandaoni, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Nia ilieleweka, kwani simu zisizo na namba halali za utambulisho zilisaidia wahalifu. Lakini aliyeuziwa ndiye aliyebaki na kifaa kilichokufa. Naogopa siku simu halisi, inayobishaniwa leseni tu, itakapotendewa kama ya bandia.

Sheria yetu ya Mali ya Viwandani ya 2001 ina busara ambayo wengi wa mpakani hawaijui: bidhaa ikishauzwa katika nchi yoyote na mwenye hataza au kwa idhini yake, hataza haiwezi kutumiwa kuizuia Kenya. Simu iliyouzwa Sirari kwa idhini hiyo haivunji hataza ikivushwa Isebania. Ulinzi huo usiguswe.

Ninachotaka kiongezwe ni mwongozo wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ulioandaliwa pamoja na Tume ya Ushindani ya Tanzania, utolewe kabla kesi ya kwanza haijafika. Useme kwamba mwenye hataza ya lazima hawezi kuomba simu iondolewe sokoni wakati mtengenezaji yuko tayari kulipa kiwango cha haki. Useme kwamba kiwango hicho kikokotolewe kwa asilimia ya bei ya simu. Na useme kwamba kabla ya amri yoyote kutolewa, wanunuzi wawe na mwakilishi wa kusikilizwa, iwe mbele ya Jopo la Mali ya Viwandani au mbele ya Mahakama Kuu.