Rovu, Chumvi na Ukimya wa Wasomi

Pakiti ya chumvi haikosekani katika duka lolote la rejareja nchini Kenya. Tangu mwaka wa 1978, sheria imewataka watengenezaji waitie iodini chumvi ya kuliwa. Hata hivyo, mnunuzi akiulizwa sababu, aghalabu hana jibu.

Kiswahili kina neno rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Neno hili limo kamusini, lakini ni nadra kusikika zahanatini. Daktari hutaja jina la Kiingereza, mgonjwa husema shingo imefura, na pengo baina yao hujazwa na uvumi wa kurogwa. Lawama hii iwafikie wasomi wa Kiswahili kabla ya kuwafikia madaktari.

Tezi yenyewe, yenye umbo la kipepeo na inayokaa chini ya kikoromeo, huunda homoni mbili: moja ina atomu nne za iodini, ya pili ina tatu. Homoni hizi huamua kasi ya mwili kuunguza chakula na kutoa joto. Kwa mtoto aliye tumboni, huchangia kuujenga ubongo. Iodini ikipungua, ubongo huihimiza tezi ifanye kazi maradufu, nayo hufura. Wanaoliona rovu kuwa kasoro ya urembo tu wamepotoka. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Kiasi hicho ni kidogo mno, ilhali mama akikikosa kabisa, mwanawe huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na dawa za baadaye zisiurejeshe ubongo uliokwisha kuathirika.

Kisa cha Kongo kinafunza zaidi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti katika karne ya 20 walikuta marovu kwa wingi. Iodini ilikuwa haba, na mihogo isiyoondolewa sumu vyema ikazidi kuizuia tezi kuipata hiyo kidogo iliyokuwapo. Huko Ubangi, kaskazini mwa nchi, kulikosekana pia seleniamu, madini yanayounda vimeng'enya vya kuigeuza homoni ya atomu nne kuwa ya tatu. Yeyote angedhani kwamba kuwapa watu seleniamu ni heri tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1991 ulionyesha kinyume: waliopewa seleniamu bila iodini, na ambao homoni zao zilikuwa tayari chache, walizidi kupungukiwa.

Kwa hivyo vidonge vya madini vinavyonadiwa mijini kama kinga ya kila maradhi vinastahili kutiliwa shaka. Chuma nacho kikipungua, tezi hushindwa kuitumia iodini ipasavyo. Na iodini yenyewe, ikipita kiasi, huivuruga tezi ile ile. Muuzaji wa vidonge hayasemi haya, wala hakuna anayemuuliza, kwa kuwa lugha ya kumuulizia haijasambazwa.

Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano mengi ya istilahi za isimu (mengine hujadili istilahi ambazo hakuna atakayezitumia nje ya ukumbi). Kikao kimoja na wauguzi kingetosha kulirudisha neno rovu kliniki, na kutunga sentensi ya kuchapishwa kwenye pakiti: chumvi hii ina iodini, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.