Usimwombee Mjukuu Atulie



Karibu kila Jumapili kuna nyanya kwenye mstari wa maombi ameshika mkono wa mtoto wa miaka mitatu au minne, na ombi ni lilelile: "Mchungaji, mwombee huyu atulie." Mtoto amepanda meza, amefungulia kuku, amemwaga unga. Nasari imemrudisha ikisema hakai na wenzake, kwa hiyo nyanya ameamua kumfundisha mwenyewe nyumbani, mama yake akiwa kazini Nairobi au Saudia. Mwaka huu maombi haya yamezidi, na wengine wameanza kutumia neno nisilopenda kulisikia juu ya mtoto: roho. Roho ya utukutu. Roho ya fujo.

Niseme wazi. Mimi sitamkemea pepo wa kukimbia ndani ya mtoto wa miaka minne, kwa sababu hayupo. Nitamwekea mkono, nitambariki, nitamwombea afya. Lakini ile nguvu imewekwa na aliyemuumba, na mwili wake unaihitaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa miaka mitatu na minne: mwili wao uwe katika mwendo angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za kukimbia na kuruka kwelikweli. Hayo ni masaa matatu, mama zangu. Sasa mtoto akikalishwa kwenye kiti asubuhi yote, hayo masaa matatu yataenda wapi? Yatatokea jioni, ndani ya jikoni yako, wakati ugali uko motoni.

Fungueni 1 Samweli sura ya 3. Tumezoea kuihubiri kama habari ya wito, na ni kweli. Lakini isome leo kama nyanya. Kuna mzee ambaye macho yake yamefifia, amelala. Kuna mtoto ambaye si wa kumzaa, ameachiwa na mama yake amlee. Mtoto ameshalazwa. Anaamka, anapiga mbio hadi kwa mzee. Anarudishwa kulala. Anaamka tena, anakuja tena. Anarudishwa. Mara ya tatu huyo hapo! Wengi wetu mara ya tatu tungekuwa tumeshika mwiko. Eli hakumpiga, wala hakumwambia ana roho ya usumbufu. Mara ya tatu mzee akatambua kwamba kuna anayemwita mtoto huyu, akamfundisha la kujibu atakapoitwa tena. Nguvu ile ile iliyokuwa ikimsumbua mzee usiku, akaipa mahali pa kwenda. (Ndiyo, Eli alishindwa na wanawe mwenyewe, tunajua. Lakini kwa huyu wa kulea alifanya vizuri, na wako wazee wengi wa namna hiyo.)

Sasa tuje kwa kufundisha kwenyewe, maana hapo ndipo nyanya zetu wanajichosha bure. Mtu akiamua kufundisha nyumbani, kitu cha kwanza anageuza sebule kuwa darasa. Meza, daftari, fimbo pembeni, na mtoto anaandika "a" ukurasa mzima. Baada ya dakika tano wote wawili wanalia. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati za kusema na watoto neno la Bwana: nyumbani mtu akiwa ameketi, njiani akitembea, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Kuketi ni wakati mmoja kati ya minne, na ukisoma vizuri utaona anayeketi hapo ni mtu mzima!

Kwa hiyo mtume mtoto. Mtume akahesabu mayai kwenye kiota, arudi akuambie, kisha mwambie arudi tena ahakikishe. Hiyo ni hesabu, na ni mbio mbili. Chora a, e, i, o, u kwa fimbo kwenye vumbi la uani, herufi moja mbali na nyingine. Wewe kaa kwenye kiti chako, taja herufi, yeye akimbie akairukie. Akizijua, ingia ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kina huruma kwa mtoto, kinavyotamkwa ndivyo kinavyoandikwa. Dakika kumi zinatosha, akianza kutangatanga mwache aende. Penseli isikuhangaishe mapema. Vidole vinahitaji nguvu kwanza, na nguvu hiyo iko jikoni kwako: aambue maharagwe, apukuchue mahindi, akande kipande cha unga wa chapati, akamue kitambaa. Mstari wa Biblia aushike kwa makofi na miguu. Na sema naye lugha yenu ya nyumbani bila aibu, maana hata mtaala unataka mtoto mdogo aanze na lugha inayosemwa pale anapoishi.

Kuna aliyeniuliza kama hiyo ni elimu au ni mchezo. Angalieni mtaala wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019. Kwa PP1 na PP2 mambo yanayofundishwa yameitwa shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu, za dini. Shughuli! Nyanya mwenye shamba dogo na kuku watano ana karibu vyote mkononi.

Sisemi mtoto afichwe nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na elimu ya chekechea imewekwa chini ya kaunti. PP1 ni ya miaka minne, PP2 mitano, Gredi ya 1 sita. Nenda ofisi ya elimu, eleza hali yako, ujue mtoto anaingia lini na wapi. Na kama nasari ya karibu haina hata uwanja wa kuchezea, tafuta nyingine kabla ya kukubali kwamba mtoto ndiye mbaya.

Najua kuna atakayeniletea Mithali na fimbo. Mtoto anahitaji adabu, sikatai, na "hapana" yako iwe hapana. Lakini kumchapa aliyemwaga maji akijaribu kukusaidia kubeba ndoo, hapo unamfundisha asisaidie tena. Wala simu si jibu. Mwongozo ule ule wa 2019 unasema watoto wa umri huu wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ni bora.

Kuna mtoto ambaye shida yake si nguvu. Haitiki akiitwa jina, amefika miaka mitatu na hajaunganisha maneno mawili, hatazami uso wa mtu. Huyo mpeleke hospitali masikio yapimwe, na uulize kituo cha kutathmini watoto, vile vinavyoitwa EARC. Maombi tutayaendeleza mkiwa njiani. Kumpeleka si kukosa imani.

Na nyinyi wazazi mlio mbali, mnaosoma haya kwenye simu wakati wa chakula cha mchana kazini. Pesa mnatuma, Mungu awabariki. Lakini mama yako ana miaka sitini na kitu, goti linauma, na dawa za presha anameza kila asubuhi. Ulilelewa naye akiwa na nguvu, mwanao anamlea akiwa amechoka. Mpigie mtoto kila jioni kwa saa moja isiyobadilika, umsimulie hadithi, mama yako apate kuketi. Ukituma pesa, weka ya msichana au kijana wa jirani wa kucheza naye masaa mawili. Ukija likizo, usilale hadi saa nne ukimwacha shosho na mtoto uani.

Zekaria 8, mstari wa 4 na wa 5, nabii anaonyeshwa Yerusalemu iliyoponywa. Anawaona wazee, wanaume na wanawake, wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Wazee hawakimbizani na mtu. Wameketi, wanatazama.

Basi kuanzia Jumamosi hii, saa tatu hadi saa tano asubuhi, uwanja wa nyuma ya kanisa uko wazi kwa watoto wa chini ya miaka sita. Vijana wa kanisa watacheza nao na kuwafundisha herufi kwenye vumbi. Viti vya nyanya na babu vitakuwa kivulini chini ya mwembe, na Mama Mchungaji atakuwa na chai. Wavalisheni nguo za zamani, na kila mtoto aje na chupa yake ya maji.

Mbarikiwe.