Talanta iliyofichwa ardhini



Mtumwa wa tatu, katika mfano wa talanta, alichimba shimo akaificha fedha ya bwana wake. Sisi wa Kambove twayajua mashimo: shaba imechimbwa hapa tangu enzi ya Union Minière. Ni mara chache tumejiuliza tunafukia nini.

Benki ya Dunia, tangu 2018, hupima mtaji wa watu wa nchi nyingi, yaani afya na elimu ambayo mtoto ataipata. Katika hesabu ya 2020 Kongo yetu ilipata 0.37: mtoto aliyezaliwa mwaka huo, akiisha kukua, atazalisha asilimia 37 ya yale ambayo angeyaweza kama angepata afya na elimu kamili. Alitarajiwa kukaa shuleni miaka 9.1, lakini ambacho angejifunza kililingana na miaka 4.5. Sisi tuliofunzwa ualimu hatuwezi kuisoma tarakimu hiyo bila haya. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza 2019, imejaza madarasa. Kujaza darasa si kufundisha.

Kipo na kipimo cha pili, kisichosemwa sana: kati ya wenye maarifa, wangapi wana kazi? Hapo twaukumbuka mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoanza kuondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki hiyo hiyo ya Dunia. Mafundi wa mitambo, wachomeleaji, mafundi umeme walirudi nyumbani na ujuzi wao. Nani aliupima?

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem exercens ya 1981, alifundisha kwamba kazi yatangulia mtaji. Kwa hiyo jina lenyewe, mtaji wa watu, halitupendezi. Hata hivyo tusiitupe hesabu hiyo. Kijana mwenye diploma ya Serikali anayebeba magunia ya mawe hana aibu yoyote. Aibu ni yetu sisi tusiojua hata idadi ya walio kama yeye katika parokia.

Basi, kabla ya Majilio, kila kikundi kiandike katika daftari: nani anajua nini, nani anakitumia, nani yuko tayari kumfundisha mwingine. Daftari hilo lifikishwe kwenye baraza la parokia. Anzeni na wazee waliotoka Gécamines, maana wamebaki wachache.