Cheni ya baiskeli ikichomoka kwenye mashimo, mtoto afanye nini?

Mtoto anashuka na baiskeli kutoka Ilboru kuelekea mjini Arusha. Barabara ina mawe na imechimbwa na maji ya mvua. Anapita kwenye shimo, cheni inaruka na kuchomoka. Anasimama ili akanyage kwa nguvu, pedali inazunguka bure, naye anaangukia usukani.

Familia nyingi zinazoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru zinalijua tukio hilo na huliita bahati mbaya. Lakini mara nyingi cheni huwa imeshatoa dalili mapema.

Kagua kabla ya safari

Cheni iliyochakaa hurefuka, ikalegea na kuruka meno. Mzazi anaweza kuipima kwa rula ya shule ya sentimita 30. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 20 zinazofuata. Cheni mpya husoma sentimita 25.4. Ikikaribia 25.6, ibadilishwe kabla haijala meno ya gia.

Baiskeli ya gia ina kimkono cha nyuma chenye vigurudumu viwili vidogo, ambacho huivuta cheni isilegee. Kikipinda au springi yake ikichoka, mpelekee fundi. Oili nayo iwe kidogo, kisha ifutwe kwa kitambaa. Ikizidi hushika vumbi, na vumbi hilo huisaga cheni kama msasa.

Namna ya kupita kwenye mashimo

Mfundishe mtoto kubadilisha gia kabla ya kufika kwenye shimo, si akiwa juu yake. Akilifikia, aache kukanyaga, pedali zote mbili ziwe usawa mmoja, akunje magoti na kuinuka kidogo kwenye kiti. Asizungushe pedali kinyumenyume.

Cheni ikichomoka, asiinamie kuitazama. Ashike breki taratibu na kusimama pembeni mwa barabara. Airudishe baiskeli ikiwa imesimama kabisa, akitumia kijiti au kitambaa, na vidole vikae mbali na meno wakati pedali inazungushwa.

Tahadhari zaidi ni kwa baiskeli ambazo breki yake ni kurudisha pedali nyuma. Breki hiyo hutegemea cheni, hivyo cheni ikitoka, breki nayo imekwenda. Baiskeli ya namna hiyo isishushwe mlimani bila breki ya mkono inayofanya kazi.

Akigongwa tumboni

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Mtoto akichubuka goti, hukimbiliwa na dawa. Akigongwa tumboni na ncha ya usukani, huambiwa apumzike kwa kuwa hakuna damu. Pigo hilo linaweza kujeruhi ini, bandama au kongosho bila kuacha alama kubwa nje, na dalili zikaonekana saa kadhaa baadaye.

Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kutapika, kizunguzungu, kupauka au damu kwenye mkojo ni sababu ya kumpeleka hospitali mara moja. Mweleze daktari kwamba aligongwa na usukani. Mtoto mwenyewe huenda asiseme, hasa akiogopa kugombezwa kwa kuharibu baiskeli.

Kwa hiyo akirudi nyumbani akiisukuma, mkague yeye kwanza. Cheni itasubiri.